Kadi ya Raundi ya Saba

Mchana nakata samaki kiwandani, Grimsby,
mashine zinanguruma, vizibo vya njano masikioni,
na huko ndiko nilikojifunza kazi ya usiku:
kutazama bila kusikia.
Jicho ni shahidi. Sikio hupokea rushwa.

Jumamosi. Ukumbi karibu na gati, viti mia sita,
harufu ya chipsi, ya siki, ya dawa ya kuchulia misuli.
Nimekaa upande wa mashariki, kiti kirefu kisicho na mgongo,
penseli moja, vikaratasi kumi.
Kona nyekundu: Declan Orme, mtoto wa hapahapa,
mjomba wake huniuzia matairi.
Kona ya buluu: Radek Zaremba, katoka Goole
na mashabiki wanne,
mmoja wao mtoto aliyekwisha kulala.

Ya kwanza, Zaremba. Mkono wa mbele tu,
ta, ta, kama mtu mwenye adabu abishaye hodi usiku.
Kumi kwa tisa.
Ya pili Orme akaingia mbavuni.
Ya tatu mbavuni tena, nikasikia,
hapana, nikaona,
ngozi ikigeuka rangi ya nyanya.
Ya nne ya mgeni. Ya tano ya mwenyeji, kwa unywele.
Kengele ikilia naandika, nakunja, refa anachukua,
na kilichochukuliwa hakirudi.
Sijumlishi. Jaji anayejumlisha
huanza kukopesha huku na kulipa kule.

Ya sita Orme alishusha mkono wa kulia,
upana wa kiganja, si zaidi,
na ngumi ya Zaremba ikapita hapo
kama barua iliyoandikwa anwani.
Goti, kisha glavu, kisha shavu.
Refa akahesabu hadi nane
ndani ya ukimya wa chumba cha mtihani.
Kumi kwa nane.

Sasa ya saba.
Dakika ya pili walikuja kwenye kamba zangu,
mgongo wa Orme mbele ya uso wangu.
Alipigwa kichwa, au alikitikisa mwenyewe,
na jasho, maji, damu nyepesi,
vyote vikatua juu ya miwani yangu.
Nikaivua. Nikaifuta kwa tai.
Sekunde kumi? Kumi na tano?
Dunia ilikuwa ukungu wenye kaptula mbili,
na ndani ya ukungu ule ukumbi ukalipuka,
watu mia sita wakisema ndiyo kwa koo moja.
Nilipoivaa, Zaremba alikuwa anarudi nyuma.
Kwa nini? Kateleza? Kapigwa? Kachoka?
Kengele.
Penseli ilijua kabla yangu:
nyekundu kumi, buluu tisa.

Ya nane na ya tisa, Orme, haki ya Mungu.
Ya kumi Zaremba, kwa jicho moja lililobaki wazi.

Mtangazaji akasoma.
Jaji Hebblethwaite, tisini na sita kwa tisini na tatu, buluu.
Jaji Pickersgill, tisini na tano kwa tisini na nne, nyekundu.
Jaji Shekue, tisini na tano kwa tisini na nne...
Hawakusubiri rangi. Bia ilinyesha.
Mjomba wa matairi akanipungia mkono
kama mtu aliyelipa deni.

Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo linaloniwasha.
Ukumbini, nyuma ya risiti ya chai, nilijumlisha
bila ile ya saba:
themanini na tano, themanini na tano.

Kwenye maegesho, mvua ya rasharasha.
Zaremba amemlaza mtoto kiti cha nyuma,
anahangaika na mkanda;
vidole vimevimba, havikunjiki.
Akainua jicho lake moja. Alinijua.
“Samahani,” akasema, “unaweza?”
Nikainama, nikatafuta tundu kwa kupapasa,
maana miwani ilikuwa imejaa mvua tena.
Klik.
“Asante,” akasema.
Sikujibu. Nilibaki nimeshika ule mkanda,
nauvuta, nauvuta,
kuhakikisha.